"Ufunguo wa Umma": Istilahi Inayopotosha

"Ufunguo wa umma" ni tafsiri sisisi. Katika Kiswahili, nomino "ufunguo" hutokana na kitenzi "fungua". Lakini katika GnuPG, programu ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 1999, ufunguo huo huifunga barua, na ule wa siri ndio huifungua. Kufuli la kubana katika mlango wa nakshi wa Bagamoyo laweza kufungwa na mpita njia yeyote, bali hufunguliwa na mwenye nyumba. "Kufuli la umma" basi lingefaa zaidi, ijapokuwa katika kuhakiki saini mfano huu hulegea. Mtumiaji wa mstari wa amri hana picha za kumwongoza, ana maneno tu. Akizichanganya "funguo" hizo akausambaza ule wa siri, kinga iliyobaki ni nywila yake.