Shule ya ufundi si kimbilio la walioshindwa



Kila mwaka, mwanafunzi amalizapo darasa la nane la elimu ya msingi, swali moja huingia nyumbani: atafuata njia gani? Baba hutaja udaktari, mama hutaja uwakili, mjomba hutaja kazi ya ofisini. Alama zikiwa haba, mmoja wao husema kwa sauti ya chini: «Basi, apelekwe ufundi.»

Sisi tuliokaa miaka mingi darasani tunakiri kwamba neno hilo tumelitamka hata katika mabaraza ya walimu. Kijana aliyeshindwa hesabu tulimtuma kusomea umeme, kana kwamba umeme hauna hesabu. Asiyeweza kuchora mstari ulionyoka tulimtuma kusomea ujenzi. Tulikosa mara mbili: tulimdharau kijana, tukaidharau na kazi. Kwa maana fundi asiyejua kukadiria unene wa waya huiteketeza nyumba pamoja na waliolala ndani yake, na mwashi asiyejua vipimo vya saruji huwaangushia wenzake ukuta. Kazi inayobeba uhai wa watu haiwezi kuwa jalala la walioshindwa.

Dharau hiyo ni ya zamani. Watu wa Nazareti walipostaajabia hekima ya Yesu, waliulizana kama huyu siye yule seremala (Mk 6:3). Walidhani kwamba kwa kuitaja kazi yake wamekwisha kumshusha. Lakini Bwana hakuionea haya, wala Mtume Paulo hakuona haya kushona mahema pale Korintho (Mdo 18:3). Na mwaka 1955 Papa Pio XII alimweka Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi katika kalenda ya Kanisa, tarehe 1 Mei.

Tumtazame pia Mtakatifu Yohane Bosco. Huko Torino, aliona wavulana wa kimaskini wakitumikishwa na mabwana waliowapa mapigo badala ya mafundisho. Hakutosheka kuwahurumia. Mwaka 1852 alitia sahihi mkataba kwa ajili ya kijana aliyejifunza useremala: bwana wake amfundishe kazi kweli, amrekebishe kwa maneno tu, asimtumikishe kazi zisizo za ufundi, amwachie siku za sikukuu. Mwaka uliofuata alianza kufungua karakana nyumbani mwake, kwanza za viatu na za mavazi. Wanawe, Wasalesiani, walifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1911, na kazi waliyopewa huko ilikuwa shule, ufundi ukiwamo.

Mkataba ule unatuhukumu hata leo, kwa sababu ulidai kwamba kijana afundishwe kweli. Tunajua shule zenye neno «ufundi» juu ya lango, lakini ndani hamna karakana. Mwanafunzi huchora mota ubaoni miaka minne, na ufunguo wa kufungulia mota hiyo huushika mara ya kwanza siku ya mtihani. Mzazi ameuza mbuzi alipe minervali, naye mtoto anatoka na karatasi asiyoweza kuitetea mbele ya gari lililoharibika. Huo ni uongo, na uongo unaolipiwa na maskini ni dhambi nzito zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kujiandikisha, ulizeni bila woga. Kwa juma moja, ni saa ngapi za karakana? Je, kila mwanafunzi hushika chombo, au wote humtazama mwalimu? Mazoezi ya kazi hufanyika kwa fundi gani, na nani huenda kuwakagua? Je, binti anapokelewa katika umeme na mekanika, au huelekezwa ushonaji tu? Shule njema haitachukizwa na maswali hayo.

Wako watakaosema kwamba ufundi unafunga mlango wa chuo kikuu. Sivyo: amalizaye miaka minne ya masomo ya ufundi hufanya Mtihani wa Serikali kama wenzake, na akifaulu hupata Diploma ya Serikali. Hata asipoendelea na masomo, ana mikono inayojua kitu.

Nchi yetu huchimba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, nasi hurudi kununua betri kutoka ng'ambo. Waya za umeme wa Inga husafiri kilomita zipatazo 1700 hadi Katanga, zikipita juu ya vijiji vyenye giza. Mali iko, waliofundishwa kuigeuza iwe mkate na mwanga ni wachache.

Basi, katika mkutano wenu ujao, mwalikeni fundi mmoja wa parokia awaeleze kazi yake. Mwulizeni alijifunzaje, alikosea wapi, anahesabu nini kabla ya kukata ubao. Na kama kati yenu yumo mwanafunzi wa ufundi asiye na vyombo, changeni mmnunulie. Kisha akitokea mtu kusema, «Apelekwe ufundi,» mwambieni: Apelekwe, ikiwa anaweza, na apelekwe mahali wanapofundisha kweli.