Pimeni udongo wa Lusangi kabla ya kugawa mbegu

Mahindi yakigoma huku Lusangi, kati ya Kasongo na Kabambare, lawama hazikosi mwenyewe: mkulima ni mvivu, mbegu ni mbaya, au jirani ameroga shamba. Wachache wanautazama udongo.

Udongo mwekundu wa nchi zenye mvua nyingi huwa na asidi. Asidi ikizidi, pH ikashuka chini ya 5, alumini iliyomo ndani ya udongo (madini yale yale ya masufuria yetu) inayeyuka na kushambulia ncha za mizizi. Mizizi inabaki mifupi na minene. Mvua inanyesha, lakini mmea una kiu. Ng'oa hindi dhaifu ujionee.

Wazee walikuwa na dawa. Walikata pori, wakalichoma, na majivu yakapunguza asidi. Ndiyo maana shamba jipya huzaa mahindi mwaka wa kwanza, halafu linachoka. Zamani waliliacha, pori likarudi. Leo, watu waliokimbia vita wamejikusanya kandokando ya barabara, na shamba moja linalimwa bila kupumzika.

Mpunga ni habari nyingine: kati ya nafaka zetu ndio unaovumilia alumini zaidi. Maniema inaulima tangu enzi za Tippu Tip na Waungwana, karne ya 19, na sidhani ulishika hapa kwa bahati tu.

Hata mahindi yako yanayovumilia. Mizizi yake hutoa asidi kama ile ya ndimu, inayoifunga alumini isiingie. Brazil wamechagua mbegu za namna hiyo kwa miaka mingi, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi, Kenya, wameshughulikia jambo hilo hilo kwa mahindi na mtama.

Sasa kwa nini sisi tuletewe mfuko wowote tu? Mama aliyekopa franga za kulipa vibarua anadaiwa hata asipovuna. Urea nayo, ikitiwa mwaka baada ya mwaka, inaongeza asidi. Chokaa ingesaidia, lakini hekta moja inaweza kudai tani mbili. Kwa barabara zetu, nani atazibeba kwa baiskeli?

Mashirika yanayogawa mbegu yaje kwanza na kipimo cha asidi, kinaingia mfukoni. Nao INERA na SENASEM watuambie waziwazi: mbegu ipi ya mahindi imejaribiwa kwenye udongo wenye asidi, na ilijaribiwa wapi?