Asiyekuwapo, Lake Lipo

Kila mara mashindano makubwa ya mpira yanapofikia siku za mwisho za makundi, watu waliokusanyika penye redio au televisheni huuliza swali lile lile: "Mbona michezo miwili inachezwa saa ile ile? Wangaliupanga mmoja jioni na mwingine usiku, si tungaliipata yote miwili?" Swali ni la haki. Jibu lake lina kisa, tena kisa cha kusikitisha, lakini chenye faida kwa mzee na kwa mtoto. Leo tukieleze polepole.

Kwanza tujue kundi ni nini. Timu nne hutiwa pamoja, na kila moja hucheza na wenzake watatu. Hivyo michezo yote ya kundi ni 6. Siku hizi anayeshinda hupewa alama 3, wakienda sare kila mmoja hupata 1, na anayeshindwa hapati kitu. Zamani kushinda kulikuwa alama 2 tu. Mwisho alama zinajumlishwa, na wale wawili wa juu huendelea mbele. Alama zikilingana, mara nyingi hutazamwa tofauti ya magoli, yaani magoli waliyofunga ukitoa yale waliyofungwa.

Sasa angalieni neno moja. Katika mchezo wa mtoano wapo wawili tu: mmoja anashinda, mwingine anafunga mizigo yake. Lakini katika kundi sivyo. Wawili wanapocheza, yuko wa tatu aliyekaa mbali, hana mpira wala filimbi, na huku bahati yake inaamuliwa kwa miguu ya wengine. Wazee wetu walisema: "Asiyekuwapo na lake halipo." Ndivyo ilivyo mara nyingi duniani. Je, ndivyo iwavyo haki?

Twendeni Hispania, mwaka 1982, kwenye Kombe la Dunia. Katika kundi moja walikuwamo Ujerumani ya Magharibi, Austria, Chile na Algeria. Algeria ilikuwa inaingia mara yake ya kwanza. Wajerumani walikuwa wamekwisha kulitwaa kombe hilo mara mbili, mwaka 1954 na 1974, tena walikuwa mabingwa wa Ulaya. Watu wengi walidhani kwamba kuwafunga Waafrika wale ni kazi ya asubuhi tu kabla ya chai.

Kumbe! Tarehe 16 Juni, mjini Gijón, Rabah Madjer aliwafungia Algeria goli la kwanza. Rummenigge akasawazisha. Wajerumani hawajamaliza kufurahi, Lakhdar Belloumi akatia la pili. Mchezo ukaisha 2 kwa 1. Ilikuwa mara ya kwanza timu ya Afrika kuishinda timu ya Ulaya katika Kombe la Dunia.

Siku tano baadaye Algeria walifungwa na Austria 2 kwa 0. Kisha, tarehe 24 Juni, walicheza na Chile. Kufika mapumziko walikuwa mbele kwa magoli 3 kwa 0. Kipindi cha pili wakalegea, Chile wakarudisha mawili, na mchezo ukaisha 3 kwa 2. Algeria walishinda, wakapata alama zao, wakamaliza kazi yao wakiwa na alama 4. Yale magoli mawili yalionekana madogo siku ile. Kesho yake yalikuja kuwa makubwa kama mlima.

Maana kesho yake, tarehe 25 Juni, ulibaki mchezo mmoja tu wa kundi lile: Ujerumani ya Magharibi na Austria, uwanja ule ule wa Gijón. Algeria hawakuwa na la kufanya ila kungoja. Wale wawili nao waliingia uwanjani hali wamekwisha kuijua hesabu yote. Austria walikuwa na alama 4, Wajerumani 2. Wajerumani wakishindwa au wakienda sare, wanatoka. Wakishinda kwa magoli matatu au zaidi, Austria wanatoka na Algeria wanaendelea. Lakini wakishinda kwa goli moja au mawili tu, wote wawili wanaendelea, na Algeria anakwenda nyumbani.

Dakika ya 10 Horst Hrubesch akafunga goli la Wajerumani. Hapo hesabu ikawa imetimia. Kidogo kidogo moto ukazimika. Katika kipindi cha pili mpira ulipelekwa kushoto, ukarudishwa kulia, ukarudishwa nyuma kwa golikipa, naye akaudaka, kwa kuwa siku zile sheria ilimruhusu kuudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Hakuna aliyekimbia kwa nguvu, hakuna aliyetaka kufunga. Watazamaji wakazomea. Wahispania wenyewe, ambao kundi lile halikuwa lao, walipunga vitambaa vyeupe kwa hasira. Waalgeria waliokuwako waliwaonyesha wachezaji noti za pesa, maana yake: mmeuzwa. Mtangazaji wa televisheni ya Austria aliwaambia watu wake wazime vyombo vyao. Yule wa Ujerumani alikaa kimya kwa muda, akakataa kuutangaza mchezo wa namna ile. Filimbi ikalia: 1 kwa 0.

Sasa hesabuni tena. Wote watatu walikuwa na alama 4. Ujerumani walikuwa na tofauti ya magoli 3, Austria 2, Algeria hawana hata moja, kwa sababu walifunga 5 na kufungwa 5. Algeria wakatoka. Kama wangalishikilia yale magoli yao 3 kwa 0 mbele ya Chile, tofauti yao ingalikuwa 2 kama ya Austria, nao walikuwa wamefunga magoli mengi zaidi. Wao ndio wangaliendelea. Vijana, lisikieni neno hilo. Kazi huisha filimbi ya mwisho inapolia, si wakati wa mapumziko.

Algeria walipeleka mashtaka kwa FIFA, wakuu wa mpira wa dunia. Jibu likaja kwamba hakuna sheria iliyovunjwa. Na kweli, haikuvunjwa. Hakuna kanuni iliyosema kwamba mchezaji lazima akimbie. Wala hakuna mapatano yaliyothibitishwa kati ya timu zile mbili. Hapo ndipo penye somo zito. Huenda hapakuhitajika hata neno moja. Goli lilipoingia, kila mtu alijua faida yake iko wapi, akatulia. Wawili wanaweza kumdhulumu wa tatu pasipo kusema uongo, pasipo kuapa kwa siri, pasipo kumgusa. Inatosha kila mmoja atazame lake, na wote wamsahau yule asiyekuwapo.

Wajerumani walifika mpaka mchezo wa mwisho huko Madrid, wakafungwa na Italia 3 kwa 1. Lakini nenda ukaulize leo juu ya mashindano yale: wengi wataukumbuka mchezo wa Gijón kabla hawajataja mingine mingi iliyokuwa mizuri. Sifa ikichafuka haifuki kwa sabuni.

Basi, dawa gani ilipatikana? Tangu Kombe la Dunia la mwaka 1986, michezo miwili ya mwisho ya kila kundi huanza saa ile ile. Hivyo hakuna anayeingia uwanjani hali anaijua hesabu kamili. Akilegea, huenda goli likafungwa kule kwingine na mambo yote yakageuka. Hilo ndilo jibu la swali letu. Tunakosa kusikiliza mchezo mmoja ili yule wa tatu asikose haki yake. Bei hiyo si kubwa.

Wala jambo hili halijasahauliwa. Wakuu wa FIFA walipoamua Kombe la Dunia la mwaka 2026 liwe na timu 48, kwanza walipanga makundi 16 ya timu tatu tatu. Lakini kundi la watatu lina hatari ile ile: siku ya mwisho wawili wanacheza, mmoja amekaa anangoja. Mwezi Machi 2023, walipokutana papa hapa jirani, Kigali nchini Rwanda, waliubadili mpango huo. Wakachagua makundi 12 ya timu nne nne, na sababu moja waliyoitaja ni kupunguza hatari ya timu kupatana. Ndiyo kusema kilio cha Algeria kilisikiwa hata baada ya miaka 41.

Lakini tusidanganyike. Saa inaweza kupangwa, moyo haupangwi. Mwaka 2018, huko Urusi, Japani na Senegal walikuwa katika kundi moja. Tarehe 28 Juni michezo ya mwisho ilichezwa pamoja, kama ilivyo sheria. Senegal walikuwa nyuma ya Kolombia 1 kwa 0. Japani walikuwa nyuma ya Polandi 1 kwa 0. Japani na Senegal walilingana kwa kila kitu: alama 4, magoli ya kufunga 4, ya kufungwa 4, na wenyewe kwa wenyewe walikuwa wamekwenda sare 2 kwa 2. Kilichobaki kuwatenga ni kadi za njano. Japani walikuwa nazo 4, Senegal 6. Basi dakika za mwisho Japani, ambao walikuwa wanashindwa, waliacha kushambulia, wakapasiana mpira tu nyuma, na Polandi wakawaacha. Senegal hawakupata goli, wakatoka kwa kadi mbili. Japani hawakuvunja sheria, tena walijitia hatarini, kwa maana goli moja tu la Senegal lingaliwaangamiza. Hata hivyo watazamaji wengi walizomea, nao walikuwa na sababu. Na hapa pia pana neno kwa vijana wetu: ile rafu unayoicheza kwa hasira siku ya kwanza, ukidhani imesahauliwa, yaweza kuwarudisha nyumbani wenzako wote siku ya tatu.

Je, hakuna mfano mwema? Uko, na Watanzania na Wakongo walikuwa karibu nao sana. Mwezi Januari 2024 Kombe la Mataifa ya Afrika lilichezwa Ivory Coast. Kundi la mwisho lilikuwa na Moroko, Zambia, Kongo na Tanzania. Tarehe 24 Tanzania na Kongo walicheza Korhogo, wakaenda sare 0 kwa 0. Tanzania wakatoka wakiwa na alama 2. Saa ile ile, huko San-Pédro, Moroko walikuwa wakicheza na Zambia. Moroko walikuwa wamekwisha kujihakikishia kuendelea. Kushinda au kushindwa hakukuwazuia njia. Zambia wao walihitaji sare tu.

Nani alikuwa wa tatu asiyekuwapo? Wenyeji, Ivory Coast. Siku mbili kabla walikuwa wamefungwa nyumbani kwao 4 kwa 0 na Guinea ya Ikweta, wakatahayari mbele ya watu wao, na mwalimu wao akaondolewa. Tumaini lao moja lilikuwa Zambia wafungwe, ili wao wapite kama wa mwisho kati ya wale walioshika nafasi ya tatu. Moroko hawakuwa na deni lolote kwao. Wangaliweza kutembea uwanjani na kuhifadhi nguvu zao, na hakuna ambaye angaliwalaumu. Lakini walicheza. Hakim Ziyech akafunga goli moja, nalo likatosha. Ivory Coast wakaokoka, na tarehe 11 Februari wakaishinda Nigeria 2 kwa 1, wakalitwaa kombe. Moroko walikuwa wametolewa zamani na Afrika ya Kusini, hawakuvuna kombe. Walichofanya usiku ule ni kumwachia haki yake mtu ambaye hakuwapo.

Sasa turudi vijijini kwetu. Mwalimu au mzee unayepanga mashindano ya timu nne wakati wa likizo, weka michezo miwili ya mwisho saa moja, hata kama uwanja wa pili ni wa majani marefu na milingoti ya mianzi. Andika kanuni zote kabla ya siku ya kwanza: alama, tofauti ya magoli, na mwisho kabisa kura. Zisome mbele ya timu zote. Ukifanya hivyo utazuia ugomvi mwingi, na hutalazimika kuwa hakimu wa mioyo ya watu.

Na nyumbani je? Ndugu wawili wanagawana shamba la marehemu baba yao, wa tatu yuko mjini kwa kazi. Wale wawili hawasemi uongo. Wanapima tu kila mmoja penye mgomba mzuri na penye maji, na kipande cha mawe kinabaki kwa asiyekuwapo. Sheria haikuvunjwa. Lakini watoto wanatazama, nao ni watazamaji wakali kuliko wale wa Gijón. Wakiona baba amemwekea ndugu yake fungu jema, naye hayuko wala hajui, watajua bila kufundishwa kwamba asiyekuwapo, lake lipo.

Kwaherini mpaka juma lijalo.