JASHO LA FUNDI RANGI KATIKA KABATI LA JIKONI

Bismillahir Rahmanir Rahiim



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu wazazi, nanyi wanafunzi wangu, leo nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wataliona dogo, nalo ni gharama ya kumwita fundi akupakie rangi kabati la jikoni. Najua kuna watakaosema Maalim ameishiwa na mada, kaacha swala na zaka anakuja na makabati. Subirini kidogo. Siku ya Kiyama mtu hataulizwa swala peke yake, ataulizwa pia haki za watu. Na haki za watu nyingi hupotelea katika mambo madogo kama haya.

YALIYONIKUTA MIMI MWENYEWE

Nianze na kosa langu, ili asije mtu akadhani namsema jirani.

Miaka michache iliyopita, Ramadhani ikiwa katika kumi la mwisho, mama watoto aliniomba kabati la jikoni lipakwe rangi kabla ya Idi. Lilikuwa kabati la mbao ya libuyu, zuri, lakini moshi wa makaa ulikuwa umeshaligeuza rangi, na milango ya chini ilianza kubabuka kwa unyevu. Sisi wa Buterere tunajua unyevu ni nini. Tuko bondeni, na mvua zikizidi maji hutufuata mpaka ndani. Februari 2014 mafuriko yaliyopiga mitaa ya kaskazini ya Bujumbura yaliondoka na roho za watu, sembuse makabati.

Nikamwita kijana mmoja fundi rangi, ambaye zamani alisoma madrasa kwangu. Akalitazama kabati, akanitajia bei. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimekusomesha Juzuu Amma, leo unanitajia bei ya sokoni?" Akainamisha macho akasema, "Basi Maalim, utanipa utakachoona." Mimi nikalihesabu jibu lile kuwa ni makubaliano.

Alifanya kazi akiwa amefunga, harufu ya tina kooni na jua juu ya kichwa. Mwezi ishirini na nane akamaliza, kabati likang'aa kama jipya. Nikampa kiasi kidogo, nikamwambia kilichobaki baada ya Idi. Baada ya Idi zikaja gharama nyingine, za shule na za ugonjwa. Alipita mara mbili kunijulia hali, hakudai. Mara ya tatu hakupita. Kisha nikaona hata kwenye darsa baada ya Isha haji tena.

Siku moja nikawa nawafundisha watoto hadithi ya kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, aliyoipokea Ibn Majah. Binti mmoja mdogo akanyoosha mkono akauliza, "Maalim, na kama fundi amenyamaza, deni limekwisha?" Nikamjibu, "Hapana, halijakwisha." Wallahi, sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

Usiku ule ule nikamwendea yule kijana na pesa yake yote, kwa bei aliyoitaja mwanzo, nikamwomba msamaha. Akanisamehe, Allah amlipe kheri. Lakini alisema neno ambalo sijalisahau: "Maalim, Idi ile nyumbani tulikula kama siku nyingine tu." Watoto wangu walivaa nguo mpya mbele ya kabati linalong'aa, na watoto wa aliyeling'arisha hawakuonja ladha ya sikukuu.

DINI INASEMAJE JUU YA UJIRA

Allah (S.W.) ametusimulia katika Suratul Qasas kisa cha Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan. Yule mzee alipotaka kumwajiri, hakumwambia "utapata nitakachoona". Alimtajia ujira na akamtajia muda: miaka minane, na akitimiza kumi hiyo ni hisani yake Musa. Tena akaeleza kwamba hakusudii kumtia katika tabu. Tazama mafunzo yaliyomo: kazi inajulikana, malipo yanajulikana, muda unajulikana, na mwajiri anatanguliza huruma. Na haya yalikuwa kwa mtu mgeni, mkimbizi, asiye na mtu wa kumtetea. Angetaka kumdhulumu angeweza.

Katika Suratul Kahf, Musa (A.S.) alipomwona Khidhr anausimamisha ukuta uliotaka kuanguka, alimwambia kwamba angetaka angeweza kuuchukulia ujira. Kutengeneza nyumba ya watu ni kazi, na kazi ina haki yake.

Na katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Allah (S.W.) ametaja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni mtu aliyemwajiri mfanyakazi, akatimiziwa kazi yake, kisha asimpe ujira wake. Ndugu yangu, ukishitakiwa na jirani unaweza kutafuta wakili. Ukiwa na kesi na Mola wako utamtafuta nani?

Wanafunzi wangu mnakumbuka pia hadithi ya watu watatu waliozibiwa na jiwe ndani ya pango. Mmoja wao alikuwa na mfanyakazi aliyeondoka bila kuchukua ujira wake. Akaufanyia biashara ujira ule mpaka ukawa mifugo mingi, na mwenyewe aliporudi kudai akamkabidhi wote. Kwa amali ile aliomba, na jiwe likasogea. Yule aliongeza ujira wa mtu asiyekuwepo. Sisi tunaupunguza wa mtu aliyesimama mbele yetu.

TUHESABU PAMOJA

Dhulma nyingine hutokana na kutojua. Tunaona fundi anapitisha brashi, tunasema "hii kazi ya saa mbili". Basi tuhesabu.

Chukua kabati lenye milango minane, kila mmoja sentimita 40 kwa 60. Mlango una pande mbili, kwa hiyo milango minane ni karibu mita za mraba 4. Ongeza fremu na rafu, tuseme mita 2. Jumla ni 6. Kazi nzuri inataka mikono mitatu: mmoja wa rangi ya chini ya kushikia, na miwili ya rangi yenyewe. Lita moja ya rangi ya mafuta hufunika kiasi cha mita 10 hadi 12 kwa mkono mmoja juu ya ubao laini. Kwa hiyo kabati zima halimalizi lita mbili. Ongeza msasa, tina, na mastiki ya kuziba matundu. Kumbe rangi si nyingi. Gharama kubwa iko kwenye mikono ya fundi.

Kwanza afungue milango na bawaba. Kisha aoshe mafuta na moshi kwa maji ya sabuni, maana juu ya mafuta rangi haishiki hata ukinunua ile ya ghali kuliko zote. Aache ikauke, apige msasa, azibe matundu. Apake upande mmoja, angoje, ageuze. Rangi ya mafuta inataka kiasi cha siku nzima kati ya mkono na mkono, na wakati wa mvua hapa kwetu inaweza kutaka zaidi. Hesabu mwenyewe: ni siku tano au sita za kuja na kurudi.

Sasa tuseme, kwa mfano tu, fundi ametaja faranga 100,000 za kazi yake, nawe ukamshusha mpaka 50,000 ukajisifu kwamba umejua kununua. Gawa kwa siku tano: faranga 10,000 kwa siku. Toa nauli, toa chakula cha mchana. Kilichobaki ndicho kodi ya nyumba, makaa, unga na dawa za watoto. Je, wewe ungekubali?

Tusisahau pia kwamba maisha yamepanda kwa fundi kama yalivyopanda kwetu. Mei 2023, Benki ya Jamhuri ya Burundi iliposhusha thamani ya faranga, dola moja iliruka kutoka kiasi cha faranga 2,000 hadi karibu 2,800 kwa bei rasmi. Rangi na tina hufuata dola. Dukani tunalipa bila kubishana sana kwa sababu mwenye duka ana kufuli mlangoni. Fundi hana kufuli, ana uso tu, na kwenye uso wake ndipo tunapobishana.

AFYA YA WATOTO NI SEHEMU YA BEI

Kuna jambo jingine ambalo fundi wa bei ya kutupa hataliangalia. Baadhi ya rangi za mafuta, hasa zile za zamani na zile kali za njano na nyekundu, hutiwa madini ya risasi, haya haya yaliyomo kwenye betri za gari. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Huharibu ubongo wa mtoto, hupunguza akili yake na uwezo wake wa kusoma. Na kabati la jikoni ndimo mnamokaa sahani zetu.

Kwa hiyo dukani tafuta kopo lililoandikwa kwamba halina risasi. Rangi ya zamani isipigwe msasa mkavu ndani ya nyumba. Ilowekwe maji kwanza, milango itolewe nje, vyombo viondolewe, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisifagiliwe. Watoto na mama mjamzito wakae mbali na vumbi na harufu ya tina. Haya yote huongeza muda, na muda ni pesa ya fundi. Usimwambie afanye haraka kisha ukashangaa mwanao anakohoa.

NA FUNDI NAYE ASIKIE

Nisiwe nimeelemea upande mmoja. Nanyi vijana wetu mafundi, wa hapa Buterere na wa Buyenzi, mcheni Allah. Katika kisa kile cha Madyan, binti alimsifu mwajiriwa bora kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Ukilipwa mikono mitatu ukapaka miwili, umekula haramu. Ukiongeza tina ili rangi ionekane nyingi, hiyo ni ghushi, na Mtume (S.A.W.) amejitenga na mwenye kughushi. Ukichukua malipo ya mwanzo ukazima simu, umewafungia mlango mafundi wote wanaokuja baada yako. Ubao ukiwa umeshaliwa na mchwa, mwambie mwenye nyumba kwamba rangi haitausaidia, hata kama utakosa kazi. Riziki ni ya Allah.

JE, NI ISRAFU?

Wengine husema kupaka rangi kabati ni israfu ya wanawake. Mimi sikubali. Mama anasimama jikoni asubuhi na jioni, miaka nenda miaka rudi. Kutaka mahali pake pawe safi si israfu, na usafi ni katika dini yetu. Rangi pia hulinda ubao, na ubao uliotunzwa ni nafuu kuliko kabati jipya. Israfu ni kupaka kwa sababu jirani amepaka, au kukopa kwa ajili ya macho ya wageni wa Idi. Na kubaya kuliko israfu ni kupaka kwa jasho la mtu mwingine usilolilipa. Suratul Furqan imetupa mizani: waja wa Rahmani wanapotoa hawavuki mpaka wala hawafanyi ubakhili, huwa katikati.

Basi ndugu yangu, kabla ya kumwita fundi fanya haya:

1. Hesabu pesa kwanza. Kama haijatimia, kabati lingoje. Kabati lililofifia halina dhambi.

2. Kubalianeni kazi, bei, siku, na nani ananunua rangi. Andikeni, hata kwenye daftari la mtoto. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandikiana madeni.

3. Kupatana bei kunaruhusiwa. Lakini usiutumie undugu, uwalimu wala umaskini wake kumfunga mdomo. Akisema "utanipa utakachoona", mjibu, "Hapana, taja."

4. Mlipe siku anapomaliza, yote, mkononi, na watoto wako waone. Hilo ni darsa kubwa kuliko langu.

5. Kama unadaiwa na fundi wa zamani, hata aliyenyamaza, mtafute kabla ya Ramadhani ijayo.

Kabati langu sasa limeanza kufifia tena, moshi ni moshi. Mama watoto ameshaniambia. Nimemjibu tunaweka akiba, na yule yule kijana ndiye atakayekuja, kwa bei atakayoitaja yeye. Alhamdulillah, kwenye darsa amerudi.

Tunamwomba Allah (S.W.) atusamehe tulivyodhulumu kwa kujua na kwa kutojua, atupe riziki ya halali na nyoyo za kuwapa watu haki zao. Aamin.

Wabillahi tawfiiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.