"Ni ya Ukoo Wao"

Mwezi uliopita nilikaa kwenye matanga huko Mulongwe, mtaa wa mji wetu wa Uvira. Chai ilikuwa haijazunguka na tayari sababu ya kifo ilishatajwa: sukari. Mzee mmoja akaongeza, "Ni ya ukoo wao." Watu wakaitikia kwa vichwa, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya ndagala.

Neno hilo linaua watu hapa Uvira. Anayeamini kwamba sukari imeshaandikwa katika damu yake haendi kupima, kwa kuwa jibu analo. Hapunguzi kitu kwenye sahani. Siku kidonda cha mguu kinapokataa kupona, husema zamu yake imefika.

Jeni zipo, sikatai. Mojawapo ya zilizochunguzwa sana ni TCF7L2, iliyohusishwa na kisukari mwaka 2006. Aina yake moja hudhoofisha kongosho, insulini ikatoka pungufu. Lakini huko Marekani walifuatiliwa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa ugonjwa. Wenye nakala mbili za aina hiyo, walioendelea kuishi kama kawaida, waliugua zaidi ya wenzao. Kwa waliopunguza uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hatari hiyo ya ziada ilikaribia kufutika. Jeni walibaki nayo ileile.

Ushahidi mkubwa zaidi ni watu wa kabila la Pima. Ni jamii moja ya asili, wengine wako Arizona, wengine milimani Mexico. Utafiti uliotolewa mwaka 2006 ulikuta kisukari kwa asilimia 38 ya watu wazima wa Arizona, na chini ya asilimia 7 kwa ndugu zao wa Mexico, ambao bado walikuwa wakilima kwa mikono na kula maharagwe na mahindi yao.

Sasa turudi kwetu. Watoto wa mama mmoja hurithi pia sufuria yake: kipimo chake cha mawese, vijiko vyake vinne vya sukari kwenye kikombe. Babu zetu walikula bugali wa muhogo, sombe na samaki, kisha wakapanda mlima na jembe begani au wakapiga kasia usiku kucha. Mjukuu anakula bugali uleule, anatanguliza mkate mweupe na soda, anakaa dukani kutwa, na kutoka Kavimvira hadi Kalundu anapanda pikipiki. Akiugua, tunamlaumu babu!

Tena ndugu huwa wamelala njaa pamoja. Kule Lwiro, kaskazini ya Bukavu, watafiti waliwafuata watu wazima waliotibiwa utapiamlo mkali wakiwa watoto. Walikuta kwao, kuliko kwa wenzao wa vijiji vilevile, mafuta ya tumboni na dalili nyingine zinazotangulia kisukari na maradhi ya moyo. Ni nyumba ngapi za Uvira zilizokimbia vita mwaka 1996 na watoto mgongoni? Watoto wale leo wako kwenye umri wa miaka thelathini. Wawili watatu wa nyumba moja wakiugua, jirani ataona damu mbaya tu. Njaa ile ya njiani hakuna atakayeikumbuka.

Kwenye matanga yale walikuwepo wadogo sita wa marehemu. Niliwauliza mmoja mmoja. Hakuna aliyewahi kupimwa.