Vita vya Mjapani Vilifika Pwani Yetu

Juma lililopita, katika baraza moja la kahawa huko Temeke, mzee mwenye heshima zake aliwakuta vijana wa mtaa wamepanga merikebu ndogo za mbao juu ya meza, baadhi zina bendera ya Ujapani, wakipima masafa kwa futikamba na kurusha dadu, akawakemea mbele ya hadhara kwamba wanapoteza umri wao katika vita visivyowahusu, kwani Mjapani hakupata kumdhuru mtu wa pwani hii. Waliohudhuria wakaafiki. Mimi niliudhika, na hata leo sijapoa, maana dhana hiyo nimeisikia Magomeni, nimeisikia Mbagala, na popote niisikiapo huvikwa kilemba cha hekima ilhali ni ujahili mtupu.

Mwezi wa Aprili 1942 manowari za Amirali Nagumo wa Ujapani zilishambulia Colombo na Trincomalee, kule Sri Lanka, zikazamisha manowari za Kiingereza Hermes, Cornwall na Dorsetshire, hata Waingereza wakalazimika kuhamishia Kilindini, Mombasa, merikebu zao za vita. Mwezi uliofuata, ndege ndogo iliyochukuliwa na nyambizi ya Kijapani I-30 ilizipeleleza Unguja na hii Dar es Salaam yetu. Na usiku wa tarehe 30 Mei nyambizi ndogo ya Kijapani ikapenya bandari ya Diego Suarez, kule Bukini (Madagaska), ikaijeruhi manowari ya Kiingereza Ramillies.

Hayo ni dibaji. Mwezi wa Februari 1944 meli Khedive Ismail iling'oa nanga Mombasa kuelekea Colombo, imepakia watu zaidi ya 1,500, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi I-27 iliipiga kwa topido, ikazama kabla hazijatimia dakika tatu, wakafa watu 1,297. Nyambizi ikajificha chini ya walionusurika, na manowari ya Kiingereza Petard ikatupa mabomu palepale walipokuwa wakielea.

Msiba huo ndio vijana wale walioucheza. Aliyeshika upande wa Mjapani aliandika amri yake kwenye kikaratasi, akakikunja na kukificha chini ya kikombe; mwenzake aliyeshika Petard alizuia dadu mkononi muda mrefu, kwa kuwa kati yake na adui zilitapakaa njiti za kiberiti, na kila njiti ilikuwa roho ya mtu. Ni darasa gani la tarehe lililopata kumfikisha mwanafunzi kwenye mizani nzito kama ile? Asiyekubali kukaa katika kiti cha adui hawezi kufahamu yaliyowasibu watu wake, kwa sababu atayajua maumivu asijue yalivyopangwa.

Wako wanaodai kwamba kijana akiishika bendera ya Mjapani ataipenda dhuluma ya Mjapani. Hoja hii haina miguu. Kwa hukumu hiyo, kila anayeteka kete za jirani yake kwenye bao ni mporaji, na mabaraza yote toka Kinondoni hadi Unguja yafungwe kwa kuwa ni mapango ya wezi. Tena wadai hao hao huwaona vijana wakikesha kwenye vibanda vya kubeti, wakiteketeza nauli na posho juu ya mikeka ya mpira, wanawataja kwa majina hata wachezaji wa akiba wa Uingereza, na hakuna anayefungua kinywa kukemea. Kamari imekuwa burudani, na maarifa yamekuwa upuuzi!

Basi mzee yule na aje mezani, apewe nyambizi, aandike amri yake kwa mkono wake mwenyewe, kisha atuambie kama vita vile havimhusu. Vita vilivyowaua watu waliopakiwa Mombasa ni vita vyetu, na kijana anayevichunguza, hata kwa merikebu za mbao, anastahili heshima kuliko mtu mzima anayevikana.