Jina Moja, Vitu Viwili

Yako maoni yaliyoenea katika shule zetu za Kwale, toka Ukunda hata Lungalunga, kwamba kompyuta ya mezani ni kitu cha kale, na kipakatalishi ndicho kitu cha watu walioendelea. Maoni haya husemwa kwa sauti ya mtu asiyetazamia kupingwa. Mimi nayapinga, maana shule ikiyafuata huyalipia fedha, na fedha hizo ni jasho la mzazi wa Ramisi aliyeuza nazi, korosho au miwa.

Utukufu wa kipakatalishi haukuanza jana. Mwaka 2013 serikali iliahidi vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza. Zana zilipoanza kugawanywa mwaka 2016, watoto walipewa vishikwambi. Ahadi ilibadilika umbo, lakini neno lilibaki na heshima yake.

Sasa tuitazame prosesa, sehemu ya kompyuta ifanyayo hesabu zote. Kampuni ya Intel imeuza prosesa zake kwa majina kama Core i5 na Core i7, na mnunuzi hufundishwa dukani kwamba saba ni bora kuliko tano. Fundisho hili ni jepesi, tena ni tamu, na mara nyingi ni la kupotosha. Chukua prosesa mbili za kizazi kimoja, yaani cha saba, ambazo sasa hupatikana katika kompyuta zilizokwisha kutumika. Core i7-7500U ni ya kipakatalishi: ina viini viwili vya kufanyia kazi, mwendo wake wa kawaida ni mapigo bilioni 2.7 kwa sekunde, na imepangiwa wati 15. Core i5-7500 ni ya mezani: ina viini vinne, mwendo wa mapigo bilioni 3.4, na imepangiwa wati 65. Mwenye tano amemshinda mwenye saba kwa viini na kwa mwendo! Lakini kibandiko cha i7 kinang'aa kando ya vibonye, na mnunuzi ametoka dukani akitabasamu. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno.

Tofauti hii hutoka katika joto. Umeme unaoingia katika prosesa hugeuka joto, na joto lisipotolewa prosesa huharibika. Kwa hiyo imeundwa ijipunguzie mwendo yenyewe kabla ya kufika huko. Kompyuta ya mezani ina nafasi ya bamba kubwa la chuma na feni pana. Kipakatalishi kina upenyo mwembamba na feni ndogo. Hewa ya pwani huongeza taabu, kwa kuwa hakuna feni iwezayo kuipoza prosesa chini ya joto la chumba chenyewe, na darasa la mabati mwezi wa Machi kila mmoja wenu analijua.

Sisemi kwamba kipakatalishi ni dhaifu katika kila kazi. Ukiandika barua au ukijumlisha alama za mtihani, hutaona tofauti yoyote. Hata katika kazi nzito, dakika ya kwanza yaweza kukudanganya, maana prosesa hukimbia kupita mwendo wake wa kawaida mpaka joto liikamate. Bodaboda huitangulia trekta kwa hatua mia za kwanza; mfungie tela la miwa ndipo useme. Kuunganisha picha za video za tamasha la shule ni tela la miwa.

Atakayesema mfano wangu umechakaa ana haki kidogo. Tangu mwaka 2017 ziko prosesa za wati 15 zenye viini vinne, na za leo zimezidi hapo. Lakini naye aitazame M1, prosesa iliyotolewa na Apple mwaka 2020. Chipu hiyo ilitiwa katika kipakatalishi kisicho na feni na katika kompyuta ndogo ya mezani yenye feni. Kazi ilipokuwa fupi, zilikwenda sawa. Kazi ilipoendelea, isiyo na feni ilipunguza mwendo. Chipu ni moja, tofauti ni upepo.

Tena prosesa ya mezani kwa kawaida hukaa katika tundu lake, ikaweza kung'olewa na kutiwa nyingine. Katika vipakatalishi vingi vya leo imechomelewa ubaoni, nayo ikifa mara nyingi humaanisha kununua ubao mzima.

Hoja ya wapinzani wangu yenye uzito ni moja tu: umeme hukatika. Umeme ukikatika, kipakatalishi huendelea kwa betri yake, na kompyuta ya mezani huzimika pamoja na kazi isiyohifadhiwa. Shule inayotegemea jua peke yake na inunue vipakatalishi, wala simlaumu mkuu wake. Mwalimu anayezunguka toka shule hadi shule naye abebe chake. Lakini shule iliyo na waya wa umeme, na wanafunzi arobaini watakaokaa katika chumba kile kile mwaka hata mwaka, haina sababu ya kulipia wepesi usiobebwa na mtu. Mkuu wake akifika dukani aulize viini vingapi na wati ngapi. Muuzaji akimjibu kwa kuonyesha kibandiko, aende duka la pili.